Kabati, Uliyekataa Kuketi

Mwaka umekatika leo, baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipovaa shati lako la bluu, ukaketi ukingoni mwa kitanda upumzike kidogo kabla ya kufunga vifungo, na usiinuke tena. Ulikuwa na miaka hamsini na minane. Mama alikufunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, ndipo akatuita.

Mimi binti yako mkubwa ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Wadogo zangu wamesema niandike kwa upole, kama watu wanavyoandika kumbukumbu za wapendwa wao. Nitajitahidi. Lakini wewe hukutulea kwa kunong'ona, kwa hiyo watakaosoma watuvumilie.

Wapo wasiokujua. Uliichezea timu ya taifa ya raga miaka kumi na mmoja, mechi thelathini na nane, zote ukiwa mstari wa mbele, pale wanaume wanane wanaposhikana mabega na kusukumana na wanane wengine, kichwa kwa kichwa, na mwenye shingo nyembamba akajuta kuja uwanjani. Walikuita Kabati. Kocha wako wa kwanza alikuona unapita mlangoni ubavu ubavu, akauliza, "Hili kabati nani amelihamisha?" Jina likaganda. Hata mwalimu mkuu wa shule yetu aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu, mahali pa jina la mzazi, "Bwana Kabati."

Raga haikutulisha. Kilichotulisha ni mageti na madirisha ya nondo uliyochomelea kwa mikono yako. Jumatatu baada ya mechi ulikuwa karakanani saa mbili asubuhi kama kawaida, jicho limevimba, kofia ya kuchomelea imekaa upande kwa sababu sikio halikutaka kuguswa. Mikono iliyonyoosha vyuma mchana ndiyo iliyonisuka nywele jioni mama alipokuwa na nguo nyingi za wateja. Mistari yako ilikwenda kombo, lakini hakuna mtoto shuleni aliyethubutu kunicheka.

Ulikuwa huwezi kupita geti lililolegea bila kusimama. Unabisha hodi kwa watu usiowajua: "Samahani, geti lenu linalia." Unatoa kopo la grisi mfukoni, unalipaka, unajaribu mara mbili, unaaga. Ulikula umesimama. Uliimba vibaya, tena kwa nguvu. Na mama, fundi cherehani, alipokupima kifua futi yake haikutosha kukuzunguka. Alilazimika kuunga mbili. "Wenzangu wameolewa na wanaume," alikuwa akisema, "mimi nimeolewa na jengo." Ulicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza unaisikia.

Sasa tuseme yale ambayo watu huyaruka katika tangazo kama hili.

Ulikuwa na miaka arobaini na minane ulipochomelea bawaba upande usio wake. Lilikuwa geti la duka la dawa, likawa linafungukia ukutani. Mwenye duka alicheka, nawe ukacheka, ukalirudia. Wiki iliyofuata ukakosea tena, na safari hiyo hukucheka. Kisha miwani ikakutwa ndani ya friji. Kisha ukaniuliza mdogo wangu ataolewa lini, nawe ulikuwa umecheza kwenye harusi yake mwaka uliotangulia mpaka ukapasua suruali.

Kisha ukapotea. Kutoka karakanani hadi nyumbani ni mitaa minne, uliyoipita miaka ishirini. Muuza magazeti alikukuta umeketi kwenye ngazi za benki, mfuko wa vitunguu mapajani, machozi yanakutoka bila sauti. Alikushika mkono akakuleta mpaka mlangoni. "Mama," akamwambia mama yetu, "mzee amechoka tu, jua kali." Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Tunamshukuru muuza magazeti kwa uongo wake.

Na hasira. Hatuzifichi. Wewe uliyekuwa humgombezi mtu ulirusha kigoda ukutani kwa sababu redio ilikuwa inakoroma. Dakika kumi baadaye ukauliza nani amevunja kigoda, ukakitengeneza.

Mtaani wakasema pombe. Pombe! Wewe ambaye harufu yake tu ilikupigisha chafya. Kinyozi wa pale kona alisema mbele ya wateja kwamba Kabati amekuwa chupa. Mdogo wako, dereva wa lori, baba mdogo wetu, alikunja mikono ya shati akaanza kuelekea huko. Ukamshika ukosi. "Mwache," ukasema. "Yeye ndiye mwenye wembe."

Kinyozi tungemmeza. Ila katibu wa chama cha raga alihojiwa redioni kuhusu wachezaji wa zamani, akakutaja. "Yule ni shujaa wetu," alisema, "lakini wengine wakistaafu hushindwa kujitunza. Hayo ni mambo yake binafsi." Ulikuwa karakanani. Vijana wako wa kazi walisikia, nawe ukasikia. Ulizima mashine, ukavua glavu, ukakaa juu ya lundo la nondo mpaka saa ya kufunga.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alikuvika koti, akakupeleka kwa daktari wa ubongo, mama mfupi ambaye miwani yake ilishikwa kwa uzi.

"Uliwahi kugongwa kichwa uwanjani?" daktari aliuliza.

"Daktari, niulize siku ambayo sikugongwa."

"Na kuzimia?"

Ukaanza kuhesabu kwa vidole. Ulipofika mkono wa pili ukaacha. Ndipo ukamsimulia mechi ile. Ulipigwa goti la kichwa kipindi cha kwanza, ukalala chini, wakakumwagia maji. Daktari wa timu akakuuliza leo ni siku gani, ukamjibu, "Ni siku ya mechi." Benchi zima likaangua kicheko, wakakusukuma urudi ndani, na dakika za mwisho ukabeba watu watatu mgongoni ukafunga lile trai, bao la raga, ambalo watu wanalisimulia mpaka leo. Picha yake ilikuwa ukutani kwetu tangu nikiwa mdogo. Nilijua kila jani la nyasi lililoko kwenye picha ile.

"Silikumbuki," ukamwambia daktari. "Sijawahi kulikumbuka. Wameniambia tu."

Hata sisi hatukuwa tunajua. Miaka yote ile wageni walipokuomba uwasimulie, ulikuwa ukisimulia ulichokisoma gazetini.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema ubongo wako umeumia, kidogo kidogo, mara nyingi, na kwamba hana dawa ya kuurudisha. Alisema pia kwamba uhakika kamili hupatikana mtu akishafariki, ubongo wake ukichunguzwa. Mama aliubana mkoba wake mpaka ukalia. Wewe uliuliza swali moja.

"Wenzangu je?"

Ndivyo mlivyoanza safari, wewe na baba mdogo, kwenye lori lake, Jumapili tatu mfululizo, mkiwatafuta wale mliosukuma pamoja. Mmoja wao alikuwa amefungua bucha. Mkewe aliwapokea mlangoni akasema mumewe hapokei wageni.

"Mimi si mgeni, shemeji," ukamwambia. "Shingo yangu na yake zimekaa pamoja miaka sita."

Mlimkuta chumbani, mapazia yamefungwa mchana kweupe, maana mwanga ulimuumiza kichwa. Ukakaa kitandani kando yake. Baba mdogo anasema mlikaa hivyo muda mrefu, mabega yamegusana, kama mnasubiri filimbi.

"Na wewe?" yeye akauliza.

"Na mimi."

Uliporudi ulitukusanya sebuleni. Katika wale wanane, ukasema, watatu wako kama mimi. Na mmoja ameshazikwa, na kwao pia watu wanasema pombe. Hukuwa na huzuni siku hiyo. Ulikuwa umewaka, kama ulivyokuwa ukiwaka zamani Ijumaa jioni kabla ya mechi.

Chama kilikuwa na mkutano mkuu wake wa mwaka, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki na feni moja inayozunguka bila kutoa upepo. Mchezaji wa zamani ana haki ya kusema dakika tatu mwishoni, kwenye "mengineyo." Ulijifunza maneno yako mwezi mzima mbele ya kioo, mama akiwa anashona na kukusahihisha bila kuinua kichwa. Tukakuandikia karatasi. Ukaikataa.

"Nikisoma watasema mke wangu ndiye aliyeandika." Ukamgeukia mama. "Na nikikwama, usinimalizie. Umesikia? Hata nikikwama mpaka wafagiaji waingie."

"Nimesikia."

"Apa."

Mama akaapa.

Ulipopewa nafasi ulisimama, na kiti chako kikaanguka nyuma. "Mwenyekiti," ukasema, "ndugu wanachama. Mimi naitwa..."

Ukakwama hapo. Kwenye jina lako.

Mtu alikohoa. Mmoja wa nyuma akacheka kwa pua. Mwenyekiti akaegemea kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ile ya huruma ya mtu mwenye haraka. "Asante sana, Kabati. Tumekuelewa. Keti upumzike."

"Sijamaliza."

"Muda wako, ndugu yetu..."

"Sijamaliza."

Mama alikuwa ameushika mkono wangu. Kucha zake ziliacha alama nilizozitazama siku tatu. Alilijua jina, mimi nilijua, ukumbi mzima ulijua. Hakufungua mdomo. Ulisimama, baba. Taya zilikuwa zinafanya kazi, jasho linakushuka shingoni, mikono miwili imeshika mgongo wa kiti cha mbele yako kana kwamba kuna kitu upande wa pili kinakusukuma. Baba mdogo alitazama saa yake: dakika nne. Aliye na shaka asimame mbele ya watu dakika nne bila neno, kisha atuambie.

Mwenye bucha alikuwa safu ya tatu, amevaa miwani myeusi. Akainuka. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wakawa wanne, wazee wa shingo nene waliosimama kimya huku na huku ukumbini.

Ndipo maneno yakaja.

"Jina limekataa kuja," ukasema. "Basi likae huko. Nyinyi mnalijua, mmelichapisha kwenye fulana. Nimekuja kwa jambo moja. Mchezaji akigongwa kichwa, mtoeni. Akisema yuko sawa, mtoeni. Akilia, mtoeni. Mimi nilisema niko sawa. Sikuwa sawa, na mliokuwa benchi mlijua, maana niliwaambia leo ni siku ya mechi, mkacheka." Ukavuta pumzi. "Sasa nimemaliza."

Ukaokota kiti chako, ukaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye muhtasari wa mkutano ule katibu aliandika mstari mmoja: "Mchezaji wa zamani alitoa salamu." Nakala tunayo. Tutaitunza.

Lakini ukumbini walikuwemo walimu wa michezo wa shule, na wao walisikia zaidi ya salamu. Hawakusubiri chama. Kabla ya mwaka kwisha waliandika kanuni ya mashindano yao: aliyegongwa kichwa anatoka, harudi uwanjani siku hiyo, na harudi siku nyingine mpaka daktari aseme. Kanuni fupi, inaenea kwenye nusu ya karatasi. Wewe uliipata kwa kusimama dakika nne.

Ukaanza kwenda kwenye mechi za shule kila Jumamosi, mmoja wetu akikushika mkono. Matokeo hukuyafuata tena. Siku nyingine hata mimi hukunijua. "Dada," uliniambia mara moja, ukinisogezea nafasi kwenye benchi, "kaa huku, kuna kivuli." Nikakaa, baba. Hata usiponijua ulinitafutia kivuli.

Kuna asubuhi moja, kichwa chako kikiwa chepesi, uliyoitumia kutia saini fomu kwa daktari: ukifa, ubongo wako uchunguzwe. Kaka yako mkubwa alikuja juu. Alisafiri kutwa nzima ili aje akukaripie. "Mtu anazikwa mzima!" alisema. "Unataka tuwaambie nini watu?"

"Kaka," ukamjibu, "kichwa hiki kimetumiwa na kila mtu. Safari hii niache nikitumie mimi."

Baba mkubwa alinuna wiki nne. Lakini siku ulipoondoka, ndugu wengine walipoanza kumzunguka mama jikoni na maneno ya kumgeuza nia, yeye ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Aliniambia mwenyewe, na alikuwa na akili zake. Nani anataka kupita hapa?" Hakuna aliyetaka.

Miezi miwili baada ya mazishi daktari alikuja nyumbani kwa miguu yake. Viti vilikuwa vimejaa vitambaa, akakaa kwenye kigoda cha cherehani. "Hakuwa mlevi," alisema. "Hakuwa amerukwa na akili. Ubongo wake uliumizwa na mapigo, kwa miaka mingi. Sina shaka tena."

Mama alikata uzi kwa meno. "Andika."

"Ripoti ipo, mama. Nimekuja nayo."

"Hiyo ni ya madaktari. Andika nyingine, ya maneno ambayo kinyozi ataelewa."

Daktari akaomba karatasi. Akaandika mistari mitano, akatia saini na muhuri. Mama akajifunga kitambaa kichwani, akaenda mpaka kona, akaingia wateja wakiwepo. Kinyozi aliisoma mara mbili. Akazima mashine yake ya kunyolea. "Mama," akasema, "nilisema upuuzi."

"Ulisema kwa sauti," mama akamjibu. "Basi na hii isome kwa sauti."

Akaisoma. Kisha akaibandika pembeni mwa kioo, na ipo mpaka leo, anayebisha akanyolewe pale ajionee.

Chama nacho tulikipelekea nakala. Kilikaa kimya miezi tisa. Wiki tatu zilizopita ndipo kikatuandikia, barua yenye nembo ya rangi. Kinataka kuadhimisha mwaka wako kwa mechi, "Kombe la Kabati," na bango kubwa lenye picha ya lile trai. Mama aalikwe kukabidhi kombe, na aje na jezi yako. Katika kurasa mbili hakuna neno hata moja kuhusu ripoti ya daktari, wala kuhusu kanuni uliyoiomba.

Majibu ya mama ni mafupi, na ameagiza tuyachapishe hapa yalivyo:

"Nimepokea barua yenu. Picha ya mume wangu msiitumie. Siku mtakayoandika kwenye kanuni zenu kwamba aliyegongwa kichwa anatoka na harudi, nitakuja, na jezi nitaipiga pasi mwenyewe. Kabla ya siku hiyo haitoki kwangu. Msinitumie gari."

Tumesikia wanavyosema. Wanasema familia hii ina kinyongo. Ni kweli, tunacho. Wanasema tunaitia raga doa. Doa tumelikuta. Wanasema tunauchukia mchezo, na hapo wanatusingizia, kwa sababu mjukuu wako, binti yangu, ana miaka kumi na minne na anacheza mstari wa mbele kwenye timu ya shule yake. Hatukumlazimisha wala hatukumzuia. Ana shingo yako, masikini, na mlangoni ameanza kugeuka ubavu.

Mwezi uliopita aligongana kichwa na msichana wa upande wa pili. Niliusikia mgongano nikiwa nimekaa mbali. Akainuka haraka haraka, akayumba hatua moja tu. Mwamuzi akapuliza filimbi.

"Niko sawa!" binti akapiga kelele. "Mwalimu, niko sawa kabisa!"

"Najua utasema hivyo," mwamuzi akamjibu. "Toka."

Timu yake ilikuwa inaongoza. Alitoka akilia kwa hasira, akaketi kando yangu akanipa mgongo, na timu ikafungwa dakika ya mwisho. Hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani, na hapo alinisemesha sana. Alisema kanuni hii imeletwa na watu waoga wasiowahi kucheza. Mama aliacha kushona, akamtazama mjukuu wake, akacheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu utuache.

Daktari alimpumzisha wiki tatu, bila mazoezi. Wiki ya nne alifanya mtihani wa hesabu akafeli, lakini alifeli kwa sababu hakusoma.

Jumamosi ijayo anarudi uwanjani, kwa barua ya daktari. Ni Jumamosi ile ile ya kombe la chama, na mechi zote mbili zinaanza saa kumi jioni. Watu wametuuliza tutakuwa wapi. Tutakuwa uwanja wa shule, upande wa kivuli, familia nzima, na anayetaka kukukumbuka pamoja nasi anakaribishwa. Aje na mkeka.

Unakumbukwa na mke wako, fundi cherehani, binti zako wawili na kijana wako, anayeendesha karakana, wakwe zako, wajukuu zako wanne, mmoja wao bado amenuna, kaka yako mkubwa aliyelinda mlango, mdogo wako na lori lake, mwenye bucha na wenzake watatu waliosimama nawe ukumbini, na daktari wako, ambaye ametuomba asitajwe, nasi tumekataa.

Siku zote tutakukumbuka, baba, tena kwa sauti.